Mlango Sijaufunga

Jumatatu, 3 Machi
Zamu yake imefika. Shairi la marehemu mume wangu, lile la kitabu cha darasa. Wanafunzi hawajui kuwa mtunzi ni mume wangu – jina lake la utunzi si la nyumbani. Nikawaambia wasome kwa pamoja, kama kawaida. Darasa zima, kibwagizo kwa sauti moja:

Mlango sijaufunga, mwanangu pita ulale.

Nilishika meza. Mwongozo wa mwalimu unasema mlango ni sitiari ya msamaha. Msamaha wa nini! Mlango ni mlango. Ni huu wetu wa mbele, haujatiwa kufuli tangu kijana wetu aende kutafuta kazi akapotea moja kwa moja. Baba yake alikufa akiusikiliza. Lakini nikaandika ubaoni: sitiari – msamaha. Mtihani hautaki mlango.

Jumanne, 4 Machi
Nafsineni: baba. Nafsinenewa: mtoto. Rahisi. Kisha takriri. Nikauliza kwa nini mtunzi anarudia mshororo huo kila ubeti. Msichana wa dirishani, yule asiyesema mpaka aombwe, akajibu kwamba mwenye hakika husema mara moja. Anayerudiarudia amekwisha kata tamaa, anajituliza tu. Nikamwambia vizuri sana. Nikaenda chooni nikalia.

Binti yangu kapiga simu. Nihamie kwake, nyumba ifungwe. Eti nalala wazi kama soko, siku moja wataniokota! Nikasema nitafikiri. Nafikiri tangu mwaka juzi.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi ya nyumbani: lijibuni shairi hili kwa sauti ya mtoto, vina vilevile, mizani ileile. Watunzi hujibizana, na kila mwaka natoa zoezi hili kwa shairi lolote. Sikufikiri. Kweli sikufikiri.

Jumamosi, 8 Machi
Nasahihisha. Mchana kweupe, na nyumba imejaa sauti. Mwanangu ananijibu kwa miandiko ya kila aina – yuko jela, yuko melini, ana mke, anaona haya kurudi mikono mitupu. Mmoja kamuua ubeti wa kwanza, kisha beti zote zilizobaki anasema akiwa kaburini. Vina safi! Nikampa alama zote.

Na yule mcheshi wa darasa:

Baba nitumie unga, nipike nile nilale.

Nikacheka hadi machozi. Ni mwanangu mtupu! Hivyo hasa ndivyo angesema. Kalamu nyekundu ikaenda yenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Aibu. Nilirudisha madaftari bila kuyapitia tena. Mcheshi akanyoosha mkono: Mwalimu, umeniuliza nalala wapi. Mimi nalala bweni la pili, kitanda cha juu. Kicheko darasa zima. Mwingine akasema yeye kaulizwa kama amekula. Mwingine kaambiwa avae sweta. Kicheko kikafa kidogo kidogo. Hakuna “vina vimepotoka”, hakuna “mizani imepungua”. Maswali tu, pembeni mwa kila jibu. Sikumbuki kuyaandika. Mwandiko ni wangu.

Msichana wa dirishani hakucheka. Alikuwa ameinama, anaandika. Kengele ilipolia akanipa daftari lake, akaondoka mbio.

Mkuu wa shule kaniita. Kwa upole – upole ule unaotisha. Nipumzike kwanza. Binti yangu amekwisha pigiwa simu.

Jumanne, 11 Machi
Binti yuko hapa tangu asubuhi. Nguo zangu ziko sandukuni. Anaongea nami polepole, kama na mgonjwa.

Nimelifungua daftari la msichana wa dirishani. Naye nilimwuliza: unalala wapi? Amejibu hapo chini:

Nalala pazuri, mama. Funga, ulale na wewe.

Mama! Shairi zima halina mama. Nimehesabu kwa vidole – nane, nane, mizani imetimia. Vina vimepotea vyote. Nimeshika kalamu nyekundu na siwezi kusahihisha. Naogopa. Na nimefurahi, Mungu anisamehe.

Binti amesimama mlango wa mbele na kufuli jipya. Anauliza, Mama, nifunge? Nimemwambia: subiri, namjibu kaka yako kwanza. Amekaa sakafuni, kufuli mapajani, analia. Nitambembeleza. Kipande kimoja tu cha jibu langu kimebaki, mizani nane, natafuta neno la kufungia