Hedhi ya Tatu

Ufukoni, Mtwara
21 Januari 1969

Kwa shoga yangu Agnes,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko Songea, wewe na wauguzi wenzako. Natumaini afya yako ni njema na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Mengine utayasoma mwenyewe.

Ulisikia kwamba Muhidini aliniacha. Alinipa talaka moja, kwa hasira, kwa kuwa nilikataa kuacha kazi ya ualimu, na kabla ya kuitamka alinipiga kofi, na sikio langu la kushoto halijapona mpaka leo. Usinipe pole. Nilirudi Mikindani kwa Baba, nikalala usingizi wa mtoto.

Wewe ni Mkristo, kwa hiyo nikueleze. Mke aliyepewa talaka moja hukaa eda, na eda yake huhesabiwa kwa hedhi. Nikiiona ya tatu nimetoka, si mume wangu tena. Kabla ya hapo anaweza kunirejea kwa neno lake tu, nitake nisitake. Muhidini alikuwa amekwenda Lindi kwa kazi ya korosho bila kusema lolote, nami niliomba kitu kimoja: damu inifikie kabla yeye hajarudi.

Ya kwanza ilikuja kwa wakati wake, ya pili pia. Kisha ndugu yake, Salumu, akapita nyumbani kusema kwamba kaka yake anamaliza kazi, na anauliza kama Fauzia bado yumo edani. Tangu siku hiyo, Agnes, mwili wangu ukafunga. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Kila nilipokwenda chooni nilikwenda kama tulivyokuwa tukienda kuangalia matokeo ya mtihani. Nilikunywa mdalasini, nikatwanga mpunga hata usio wetu. Shangazi Mwanakombo alinicheka, akasema nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilikwenda hospitali. Daktari alinipima, akasema hakuna mimba. Akasema hofu na mawazo mengi huweza kuchelewesha hedhi, ingawa hawezi kuapa kwamba kwangu sababu ni hiyo. Nitulize moyo, huenda ikarudi yenyewe. Nikawa najilazimisha kutulia, najikagua kama nimetulia, na kadiri nilivyojikagua ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Shangazi ndiye aliyeniambia niseme imekuja. Katika jambo hili linalokubaliwa ni neno la mwanamke, akasema, au nadhani sheikh atakuja kunifunua? Nilicheka, lakini nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Taabu yangu ni kwamba naamini. Ningesema uongo ningekuwa huru mbele ya watu, na mbele ya Mungu ningebaki mke wake. Na siku nikiolewa na mwingine, ningekuwa nini?

Muhidini alikuja Ijumaa baada ya sala, na mashahidi wawili na doti ya kanga ya kunipoza. Baba akaniita ukumbini. Aliniuliza kama nimemaliza eda, na sauti yake, Agnes, ilikuwa inaniomba nijibu ndiyo. Nikasema bado. Muhidini akatamka kwamba amenirejea, kisha akamwambia Baba kwa kicheko kwamba hata mwili wa binti yake ulikuwa unamngoja mwenyewe. Mashahidi wakacheka. Baba akawamiminia kahawa.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Nakuandikia kutoka nyumbani kwake. Jumapili alfajiri, nilipoamka humu nikiwa sina tena cha kungoja, niliikuta. Ilikuwa nyingi, bila hata maumivu. Nilikaa sakafuni nikaiangalia, mpaka Muhidini akaniita, akauliza chai ya nyumba hii siku hizi huchemshwa saa ngapi. Nikamjibu naja.

Wewe unasoma mambo ya mwili. Sikuombi dawa, wala sikuulizi kwa nini ilikuja siku hiyo. Nimetaka tu awepo mtu mmoja anayejua kwamba ilikuja.

Nisalimie mama yako ukimwandikia, na wote wanaonikumbuka. Usinijibu kwa sasa, maana barua zangu hufunguliwa.

Ni mimi akupendaye,
Fauzia binti Thabiti