Ramani ya Nyumba Yetu

Shoga yangu Nadira, leo nimeaibika kwenye darasa letu la kompyuta, wallahi!

Nilipoweka toleo jipya la ile programu ya kuchorea ramani, la zamani nikalifuta. Nilidhani matoleo mawili hayakai kompyuta moja. Kumbe ramani ya nyumba yetu, aliyoichora mume wangu Hashim kabla hajaenda kazini Doha, toleo jipya haliifungui!

Mwalimu Kioko akacheka: "Dada, kwani ni wake wenza? Kila moja lina folda yake, yanakaa pamoja." Darasa zima kicheko. Akalirudisha la zamani.

Ramani ikafunguka. Nadira, kuna chumba kakiandika "mtoto". Na mtoto mwenyewe hajamwona ila kwa simu!

Nikalia. Mbele ya watu wote, nikalia!

Kioko naye ananibembeleza: "Usilie dada, hakuna kilichopotea."