Maji ya Kiwanja cha Juu

Mtawanya, Kibiti
9 Novemba 2023

Kaka Mfaume,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na Wifi na watoto hawajambo. Sisi huku wazima, ila magoti ya Mama bado yamegoma, hashuki kitandani mpaka ashikwe. Anakusalimu sana.

Simu yangu umeifungia, na mlinzi wako Maneno amenipa ujumbe wako: nikiwa na neno niliandike, nimpe kondakta wa basi alifikishe dukani kwako Mbagala, utasoma ukipata nafasi. Haya, neno ninalo.

Ni maji. Unakumbuka Marehemu Baba alivyokitengeneza kiwanja. Matuta yalikinga mteremko, katikati ukoka, na huku chini bonde dogo la migomba na magimbi, yanywe maji yaliyobaki. Mvua ilikuwa inatulia hukohuko juu. Urithi ulipogawanywa wewe ukapata juu, mimi na Mama tukabaki chini na nyumba ya zamani, hatukunung'unika. Lakini greda lako limelaza matuta yote. Umetandaza pevingi toka getini hadi ukutani, na ukuta umeutoboa matundu ya kutolea maji, yanatazama chumba cha Mama. Nyumba hii ni ya miti na udongo, Kaka, wewe umezaliwa humu. Mvua moja ya juzi imelamba ukuta mpaka fito zinaonekana.

Theopista, bibi shamba wetu, amekuja kuangalia. Anasema usibomoe kitu. Ng'oa pevingi mstari mmoja tu kandokando ya ukuta wa chini, pachimbwe shimo refu la changarawe na mchanga, juu zipandwe nyasi na migomba. Maji ya paa na ya uwanja yataishia hapo, ardhi itayanywa. Wachimbaji ninao, na miche ya nyasi za vetiva atanipa yeye. Nataka ruhusa yako tu.

Mama kanikataza kukuandikia. Anasema nina kijicho.

Mdogo wako,
Mwanahalima


Mbagala
1 Desemba 2023

Mdogo wangu Mwanahalima,

Waalaykum salaam. Hatujambo, tunashukuru. Mpe Mama salamu zangu na kanga hizi mbili.

Barua yako nimeisoma, nimecheka. Maji tangu yaumbwe yanateremka. Ulitaka yangu yapande? Mimi sikuileta mvua Mtawanya.

Shimo silitaki. Wewe umekulia hapo na hujui? Nyumba yangu haijasomewa hata maulidi, hajalala mtu, unataka nichimbiwe shimo la maji uani! Shimo la maji uani ni ufuo, na ufuo huchimbwa akioshwa maiti. Nani afe, mimi au mwanangu Nusaiba, anayeolewa humo baada ya Idi? Huyo bibi shamba wako ni mtu wa bara, namsamehe. Wewe sikusamehi.

Najua methali iliyo mdomoni mwako: aliye juu mngoje chini. Haya, ningoje. Ila tafuta pakavu.

Kaka yako,
Mfaume


Mtawanya
20 Desemba 2023

Kaka Mfaume,

Assalaam alaykum. Hujambo na wa nyumbani mwako? Sisi tunamshukuru Mungu. Kanga zimefika. Moja Mama kajifunga, nyingine kaifunika juu ya mto wake, haiguswi.

Shimo basi, nimekusikia. Nimeteremka kwenye ardhi yangu mwenyewe, nje ya ukuta wako, nikainua tuta kama la Baba na kupanda vetiva safu mbili. Theopista anasema zikishika mizizi, kasi ya maji itavunjika, ingawa yatabaki mengi. Wanawake wa hapa walinisaidia bure, nikawapikia ugali kwa samaki wa kukaanga.

Kitu kimoja tu nakuomba. Mwambie Maneno asizikanyage anapopita kufagia matundu.

Mama asubuhi hunitaka nimgeuzie kitanda atazame dirishani. Anaitazama nyumba yako. Anawahesabia wageni vyumba vyake ambavyo hajaviingia. Mimi ninayemwogesha hanioni.

Mdogo wako,
Mwanahalima


Mbagala
14 Januari 2024

Mwanahalima,

Salaam. Wazima.

Maneno kanitumia picha. Yale majani yako yanatia nyumba yangu aibu, na watu wa harusi watapita hapo. Isitoshe yanafuga nyoka. Nimemwambia ayang'oe na tuta alisawazishe. Habari ya mpaka wa viwanja tutaiuliza mbele ya ukoo, lakini najua ukoo utasema nini.

Mama mwambie asiwe na wasiwasi, siku ya maulidi nitamleta juu kwa kiti, akae mbele ya watu. Kabla ya hapo asiingie mtu. Nyumba haijafunguliwa.

Kaka yako,
Mfaume


Mtawanya
17 Machi 2024

Kaka Mfaume,

Assalaam alaykum. Ramadhani karim. Nakuombea mfungo mwema wewe na familia.

Masika yamewahi, na bondeni mto umeshafunika mashamba ya watu. Huku mlimani hatukupaswa kuyajua mafuriko, lakini kwetu maji yanaingia kwa mlango na kutokea jikoni. Kitanda cha Mama nimekiinua juu ya matofali. Ukuta wa upande wako umefanya tumbo. Nimeuegemezea magogo.

Ulipong'oa vetiva sikukuandikia. Leo sikuombi shimo wala nyasi. Nakuomba ufunguo. Mpe Mama chumba kimoja cha juu mpaka mvua ziishe, hata stoo. Nilitaka kumbeba nimweke barazani kwako hivihivi, yeye ndiye aliyenishika mkono. Alisema, "Usinipeleke kwa mwanangu kama mwizi. Nyumba haijafunguliwa, atachukia."

Sina mwingine wa kumwomba. Kaka, nakusihi, jibu hili upesi.

Mdogo wako,
Mwanahalima


Mbagala
2 Aprili 2024

Mwanahalima,

Salaam, na mfungo unakwisha. Barua yako ilikaa chini ya mizigo, duka lina watu wengi wa sikukuu.

Kila mwaka nyumba hiyo inakaribia kuanguka na kila mwaka ipo. Una maneno wewe! Mama ana akili kukuzidi, msikilize.

Maulidi ni wiki ya pili baada ya Idi, harusi inafuata. Naomba siku hizo usianike nguo upande wa ukutani, na kuku wako uwafunge.

Kaka yako,
Mfaume


Mtawanya
16 Aprili 2024

Kaka Mfaume,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii imekukuta mzima, na Wifi, na bibi harusi.

Mama amefariki. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Ilikuwa jana asubuhi, mvua kubwa. Maji yalitoka matunduni kwako kwa nguvu, yakayasukuma magogo, nikaona ukuta unapumua. Nilimwambia Mama, "Nakubeba sasa hivi, iwe barazani, iwe getini." Akashika mbao za kitanda kwa mikono miwili. Akasema, "Zimebaki siku chache, atakuja kunichukua mwenyewe kwa kiti." Nilitoka kumwita Maneno tumbebe kwa nguvu. Tuliporudi ukuta ulikuwa umeshalala juu yake.

Shehe Saidy alipofika akauliza maiti ataoshewa wapi. Kwangu huwezi kuchimba ufuo, ukitia jembe shimo linajaa lenyewe. Pakavu palikuwa kwako. Maneno alifungua geti bila kuambiwa na mtu, huku analia. Zile pevingi za kando ya ukuta wa chini, palepale alipoonyesha Theopista, ndipo watu walipong'oa.

Chini yake udongo ulikuwa mkavu, Kaka. Mvua yote ile, na chini ya pevingi zako vumbi linatimka. Tukamlaza Mama juu ya kitanda, tukamwosha. Maji yote yalishuka ufuoni yakanyweka, halikubaki hata tone.

Twalibu, mjukuu wa shangazi, alitoa simu akupigie. Nikamwambia airudishe mfukoni, na Maneno naye nikamkataza, kaka yangu hataki simu, ana utaratibu wake. Jeneza lilipokuwa linatoka waliuliza yuko wapi mtoto wa kiume wa kumshusha mama yake kaburini. Nikasema ataarifiwa. Akashuka Twalibu. Nilijua unaweza kufika kwa basi kabla ya alasiri, na sikupiga.

Amelala kando ya Baba, na jeneza lilifunikwa ile kanga yako iliyokuwa haiguswi, mpaka kaburini, kisha ikarudishwa kwangu. Imo ndani ya bahasha hii.

Ufuo tumeufukia kama inavyotakiwa. Pevingi sikuzirudisha, nimepanda nyasi. Mimi sasa nalala kwako, chumba cha bibi harusi, maana kwangu hapana kuta. Usihangaike na maulidi. Nyumba imeshafunguliwa, na Yasini imesomwa na watu wengi kuliko ambao ungewaalika.

Ulisema nikiwa na neno niliandike, nimpe kondakta, utasoma ukipata nafasi. Nimeandika.

Mdogo wako,
Mwanahalima