Baba, Wanataka Kuwatoa Nzige Kitabuni

Baba yangu,

Huku Kasulu mvua zimeanza, Mama ni mzima, na riwaya yako inataka kuchapishwa upya. Kijana wa kampuni ya vitabu aliyekuja anasema siku hizi unaitwa mwandishi mkongwe. Ungevimba kichwa wiki nzima, nakujua.

Ila wanaomba ruhusa yetu wabadilishe mahali pamoja: pale wakimbizi wanapovuka kutoka Burundi, nawe ukaandika, "Nzige hao, wamekuja kutumalizia mihogo." Baba, na mdomo wako! Uliandika hayo kabla hujamwoa Mama, ambaye naye alivuka mpaka huohuo na kitenge kimoja. Kaka hataki kusikia. "Maji yakimwagika hayazoleki," anasema. "Maneno ya marehemu hayaguswi." Mimi nikakwama katikati, maana nilikupenda na mdomo wako wote.

Unakumbuka jioni zile tukipukuchua mahindi, Mama akisema, "Tusomee"? Yeye hakujua kusoma. Ulisoma kwa madaha, na ukifika ukurasa ule unakohoa kidogo, kisha unasema kitu kingine kabisa. Siku nilipokisoma kitabu mwenyewe shuleni nikarudi nimekutolea macho. "Nyamaza," ukaninong'oneza, "mama yako atanifukuza." Nikanyamaza miaka yote.

Sasa ilibidi nimweleze Mama, kwani bila yeye siruhusu lolote. Niliogopa, Baba. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa mwaka jana tu, na mdogo wake akapandishwa lori kurudishwa kwao Burundi, na Mama bado anamlilia. Nikamsomea sentensi ile macho yangu yakiwa chini.

"Ego, ndiyo, naijua," akasema, akiendelea kuchagua maharage. "Jirani alinisomea zamani, wewe hujazaliwa bado."

"Na hukumuuliza Baba?"

"Nimuulize nini, mwana wanje, mwanangu? Kila akifika pale nilimwona anavyoteseka. Mtu ameshaona aibu mbele yako, utamwongezea nini? Waambie waandike alivyonisomea mimi."

Nikamwambia haiwezekani, wewe Baba hukuyaandika maneno hayo popote, na mimi nimeyasahau. Akasukuma ungo pembeni. Akaanza kuyataja taratibu, na Kaka mwenyewe, aliyekuwa akitusikiliza, ndiye aliyekimbilia kalamu: "Wenzetu wamefika, wamechoka. Wapeni maji kwanza."

Nimekukumbuka mno, Baba. Pumzika.

Kitindamimba wako