Sura ya Baba Sokoni

Bangui, Jumapili

Kaka Sosthène mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kwamba wewe, wifi Honorine na watoto mko salama huko Bouar, na kwamba mguu wako umepona. Huku tunakula na tunalala kitandani, lakini roho ziko juu juu.

Bila shaka umesikia jina la Baba likitajwa tena redioni. Miaka yote hii tangu aache uwaziri mkuu hakuna aliyemkumbuka, leo kila mwenye mdomo anasema arudi. Uchaguzi unakaribia na wakubwa hawapendi hata kidogo. Halafu vikazuka vile vitenge vyenye sura yake, vilivyochapishwa enzi za cheo chake. Sokoni Gobongo nilimkuta Mama Albertine, muuza samaki, amejifunga uso wa Baba kiunoni. Nilipomsihi akivue alinicheka: "Usiogope, binti. Nimemkalia taratibu, haumii." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana jirani yetu mzee Ngbokoto alichukuliwa nyumbani kwake kwa jambo dogo kuliko hilo, na mkewe bado anazunguka vituoni akimuulizia.

Alhamisi wakaja wanaume wawili waliovaa kiraia. Walikunywa kahawa yetu kwa adabu, wakauliza nani anagawa vitenge. Baba akaapa hajui. Walipoondoka nikaenda stoo, nikakuta makasha yaliyokuwa na vitenge ni matupu, na ufunguo wa stoo, unajua mwenyewe, haumtoki Baba mfukoni.

Nilimuuliza ana kwa ana, nikitegemea anifokee. Aliitazama sahani yake ya gozo, ugali wa muhogo, kisha akasema polepole: "Mwanangu, watu wameanza kuniita Barthélemy tu. Msibani juzi walinikalisha nyuma, pamoja na wapanga viti." Kumbe wala hataki kugombea. Anataka tu watu wasimame akiingia. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia, vyote kwa pamoja.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Jana wale wanaume walirudi, na safari hii hawakutaka kahawa. Baba moyo wake ni mbovu, rumande hataiweza. Nikawaambia ni mimi niliyegawa vitenge, kwa siri, bila yeye kujua. Wameniamuru niripoti kesho asubuhi, nibebe na nguo za kubadilisha. Baba alikuwa amekaa pale pale, Sosthène. Alisikia kila neno. Akanyanyuka, akarekebisha koti, akawasindikiza hadi getini, na mmoja wao akamuaga kwa kumwita Mheshimiwa Waziri Mkuu. Alirudi ndani akitabasamu.

Naogopa, kaka, sitaki kukuficha. Panda gari la kwanza uje ukae naye. Dawa zake nimeziweka juu ya friji, na usimruhusu kula chumvi. Msalimie sana wifi. Watoto waambie babu yao hajambo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Clarisse