Kila Anayemshikia Bunduki

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Gereji wazi, kazi hakuna. Nimefagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Nchi jirani zimetufungia mipaka kwa sababu mwanajeshi amejitwalia ikulu. Mazutu, yaani dizeli, hakuna, na gari lisilotembea haliharibiki. Kwa hiyo adhabu ya mkubwa ninaila mimi. Yeye sidhani kama amekosa sukari hata siku moja.

Pasipo kazi pana maneno. Wanaume wa mtaa wameigeuza gereji yangu bunge. Wanakaa juu ya matairi, wanakunywa kahawa, redio katikati. Leo redio imesema baadhi ya majirani wanataka vikwazo vifuatiwe na majeshi. Yaingie, yamtoe, basi. Sefu akapiga makofi peke yake. Ana duka la vipuri mlango wa pili. Mwaka jana askari walifanya msako hapa mtaani kwetu Buyenzi, mtoto wake wa kiume alikuwa ametoka kununua mkate. Watu wa mtaa walimrudisha maiti, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Nani atamwambia Sefu asipige makofi?

Pascal alithubutu. Ni tolie wangu, ananyoosha mabati ya magari, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. "Apana, Sefu. Jeshi ya kigeni mi naijua. Inaingiaka na wimbo, inatokaka na mabati ya nyumba za watu."

Wakamcheka. Wakanigeukia mimi, mwenye gereji. Nikasema waje. Nikasema kwa sauti. Nimechoka kuogopa.

Jumatano, 7 Agosti

Zuhura amekuja kutoka Musaga, upande wa kusini wa mji. Binti yangu wa pekee. Maneno ya gereji yamefika kwake kabla ya sabuni aliyoagiza kwa mama yake.

Mume wake ni dereva wa jeshi. Yusufu. Alikuwa Josefu, akasilimu ili amuoe. Injini alijifunzia hapa hapa kwangu, kabla ya kuvaa gwanda. Gwanda sikulipenda. Mwenyewe nilimpenda, sina haja ya kujificha humu. Ana mikono mizuri na haongei hovyo.

Zuhura aliniuliza nikiwa nimeinama kwenye karbureta. "Baba, hao unaita, wakifika wataanza na nani?"

Nikamjibu kwamba Yusufu hashiki bunduki, anashika usukani. Akanitazama kama mtu anayetazama chenji mbovu. Akaondoka bila kunywa chai.

Nimekasirika mchana kutwa.

Jumapili, 11 Agosti

Bunge limewaka moto. Sefu anauliza: kama si majeshi ya jirani, nani atamtoa? Kura? Kura tulipiga, tukapanga mstari tangu alfajiri, na sote tunajua askari hao hao walivyomuua rais tuliyemchagua, miaka mitatu sasa. Pascal anasema sawa, atoke, lakini jeshi likiingia halitapita hewani hadi ikulu, litapita Kanyosha, litapita Musaga, litapita juu ya vibaraza vyetu. Mwalimu wa shule ya msingi akasema vikwazo vipewe muda, njaa itamtoa. Nikamuuliza njaa ya nani. Mtoto wa jirani yangu anakunywa uji bila sukari wala chumvi, mkubwa bado yuko kitini.

Nilisema dhalimu hachoki. Ukimpa mwaka anachukua kumi. Anayeweza kumpiga na hampigi, anamsaidia. Bado naamini hivyo. Naandika ili nisije nikajidanganya kwamba sikuamini.

Mwisho Sefu akasimama. Akasema majirani ni waoga, wataongea mpaka tuzeeke. Sisi tunayo silaha yetu. Tusome halbadiri.

Halbadiri si mchezo. Inasomwa kwa aliyedhulumiwa na hana pa kushtaki. Yanasomwa majina ya mashahidi wa Badri, unatajwa uovu uliotendwa, na inaachwa imtafute mwenyewe. Mjomba wangu aliisoma kwa mwizi wa cherehani. Mwizi aliingia wazimu, na alikuwa mtoto wa mjomba.

Pascal, Mkristo, akauliza kama hiyo kitu inakuwaga na breki. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 15 Agosti

Maalim Issa wa msikiti wetu amekubali kusoma. Kwanza anataka nia. Maneno kamili. Anasema halbadiri inakwenda pale maneno yanapoielekeza, kwa hiyo msiseme ovyo.

Tumebishana juu ya maneno kuliko tulivyobishana juu ya vita. Mwalimu alitaka mkubwa peke yake. Sefu akasema mkubwa hakumuua mwanawe. Alimuua askari ambaye hata jina lake halijui. Akataka iwe: yeye, na kila anayemshikia bunduki.

Maalim akanitazama mimi. Anajua Zuhura ameolewa wapi, ndiye aliyefungisha ndoa.

Sefu naye alikuwa ananitazama. Uso wake umekuwa mdogo tangu mwaka jana. Nikajiambia tena yale ya usukani. Nikasema sawa, maneno yaende hivyo.

Ijumaa, 16 Agosti

Imesomwa baada ya alasiri, ndani ya gereji, milango imerudishwa. Uvumba ulishinda harufu ya grisi. Maalim anasoma, sisi tunaitikia. Ilipofika nia sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Sefu. Nilihisi nguvu. Miaka mitatu napigwa na mtu nisiyemwona, leo nimerusha kofi.

Mke wangu hakuleta kahawa. Alituma mtoto wa jirani na birika tupu.

Alhamisi, 22 Agosti

Yusufu amekuja mwenyewe. Bila gwanda. Nilidhani amekuja kugombana, nikakaa tayari. Akavua viatu, akasalimia, akaingia chini ya Toyota ya mwalimu pamoja nami kana kwamba hakuna kitu. Tukafunga propela shafti. Tulipokuwa tumelala chali, akasema taratibu, "Baba, mi nasikia mulisoma."

Nikasema tulimsomea mkubwa.

"Na wenye kumushikia bunduki."

Nikasema wewe ni dereva.

Akacheka kidogo. "Ndiyo, Baba. Mi naendesha maharagwe." Anapeleka chakula cha askari wanaopigana na waasi milimani, juu ya Kanyosha. Akaniomba spana ya kumi na tatu. Nikampa. Tukamaliza.

Hakuniomba nifute nia. Angeniomba ningekasirika. Hakuniomba, na bado nina hasira.

Jumanne, 27 Agosti

Yusufu amekufa. Kamyo, lile lori lake la chakula, imevamiwa leo asubuhi juu ya Kanyosha. Waasi. Walikuwa watatu ndani, yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Mke wangu yuko Musaga kwa Zuhura. Mimi nimekaa gereji. Siwezi kwenda na siwezi kukaa.

Jumatano, 28 Agosti

Tumemzika. Jeshi lilitoa jeneza na bendera, sisi tulikuwa na sanda. Walibishana kidogo na Maalim, wakatuachia. Niliingia kaburini kumpokea. Mzito.

Zuhura hakulia mbele yangu.

Ijumaa, 30 Agosti

Hitima. Wasomaji ni wale wale, Maalim yule yule, mikeka ile ile iliyotandikwa gerejini siku kumi na nne zilizopita. Sasa wanamwombea rehema waliyemwombea balaa. Kila mtu alikuwa anakodolea macho juzuu yake.

Sefu alileta sukari, sijui ameipata wapi. Akaketi pembeni, akalia sana. Nadhani alikuwa anamlilia wake. Sikumlaumu. Nilimwonea wivu, maana yeye anajua wa kumchukia.

Pascal amenifuata uani. Akaniambia risasi ni risasi, haisikilize kitabu ya mutu, nisijibebeshe. Mtu mwema. Lakini hilo halinisaidii. Iwe ni halbadiri au isiwe halbadiri, niliulizwa maneno nikasema sawa. Mimi niliyetaka vita, nilitaka vita isiyomgusa mtu wangu. Hiyo ndiyo siasa yangu yote. Wiki na wiki za kelele juu ya matairi, na chini yake hamna kitu kingine.

Maalim ameruhusu Zuhura akae eda hapa kwetu. Kule Musaga angekuwa peke yake na milio ya bunduki kila jioni. Amepewa chumba kinachopakana na gereji.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo amezungumza nami kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimempelekea mkaa. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunika nguo yake nyeupe.

"Baba, musome tena."

Sikuelewa. Akasema tuwasomee waliomuua. Wale waasi wa milimani. Wao na kila anayewashikia bunduki, maneno yale yale, tusibadilishe hata moja. Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza unga.

Nilimwambia ngoja. Akasema, "Kwa mutoto wa Sefu haukungoja."

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda kwa Maalim. Amekataa kabla sijamaliza sentensi. Anasema mlango ule hatafungua tena, kwa mtu yeyote, hata kwa wanawe. Amekonda. Mkewe anasema haamki kwa ajili ya chakula, anaamka kwa ajili ya udhu tu.

Nikaenda kwa Sefu. Nilidhani atanishika mkono. Tumezika wote. Akaniambia hawezi kuitikia dua juu ya vijana wale, wale ndio peke yao wanaopigana na dhalimu wakati majirani wanahutubia. Nikamwambia walimuua dereva wa maharagwe. Akasema maharagwe yanakwenda kwa nani? Yanamlisha aliyemuua mwanangu.

Nilimkamata shati. Wazee wawili, vipara vyetu viwili, tunasukumana kati ya mafeni belti na plagi. Watu wakatutenganisha. Alichosema kina mantiki. Hicho ndicho kilichonitia wazimu. Ni maneno yangu mwenyewe, ya mwezi uliopita.

Nimerudi na kumwambia Zuhura haitasomwa.

"Mi si mutoto wa mutu?"

Akageuka ukutani.

Ijumaa, 20 Septemba

Hanisemeshi. Anamsemesha mama yake, anamsemesha hata Pascal kupitia dirisha. Mimi napita kama moshi.

Redio: majirani wamekutana tena. Wamehuzunishwa. Jeshi haliji. Hakuna wa kupiga makofi wala wa kubisha, bunge limevunjika, matairi yako tupu. Nilitegemea nitafurahi au nitachukia. Nimezima tu. Mkubwa yuko pale pale. Sasa sijui waje au wasije, na wala hakuna anayeniuliza.

Alhamisi, 3 Oktoba

Asubuhi jeshi limeleta kamyo. Karakana yao haina vipuri, kila mtu sasa anafufua vyuma kwa fundi wa mtaani. Waliivuta kwa kamba hadi mlangoni. Nilijua kabla sijasoma namba. Kioo kipya, mlango wa dereva umetobolewa matundu. Kiti kimefutwa, lakini si vizuri.

Afisa alisema itembee leo. Hakuniuliza kama naweza.

Ningekataa? Nilifikiri. Nilifikiri pia kumwaga mchanga kwenye injini, naandika kwa kuwa ni kweli. Halafu ningekuwa nimemuua dereva mwingine, huko mlimani, kamyo imezima na yeye yuko ndani. Pascal akanitazama, akachukua nyundo yake. Akapiga yale matundu kutoka ndani, moja moja, taratibu kuliko kawaida. Mimi nikashughulikia pampu ya mazutu.

Ilipowaka, Zuhura akatokea kwenye mlango wa uani. Yuko edani, haruhusiwi kuzunguka ovyo, lakini ule ni mlango wa nyumba anayokaa eda. Miaka miwili aliisikia injini ile kila jioni ikipanda Musaga, akaweka maji ya kuoga jikoni. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Ni yake?"

"Ni yake."

Dereva mpya akapanda. Akasogeza kiti mbele, ni mfupi. Akatushukuru, ana adabu. Akarudi nyuma, akageuza, akashika barabara ya kusini.

Zuhura alibaki amesimama. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu kwenye kona ya soko. Akasikiliza mpaka kelele za mtaa zikaimeza, nami nikasikiliza pamoja naye, mikono yangu myeusi, sijui niiweke wapi.

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Akaingia ndani kupasha moto maharagwe.