Chuma cha Kuvutia Gari Ulichotupatia

Pagosa Springs, Colorado
14 Septemba

Mpendwa kaka Delbert,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Wendell. Mgongo unaendeleaje? Nadine ameacha kukohoa? Sisi ni wazima, na neno hilo lisome mara mbili, maana mwenyewe bado siliamini.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba nikurudishie kile chuma cha kuvutia gari, kwa kuwa tarehe mosi wewe na Nadine mnakwenda Oregon na gari-nyumba lenu, gari dogo likivutwa nyuma. Kabla sijakujibu, tafuta kiti ukae.

Jumanne tulikuwa tunashuka mlima wa Wolf Creek na gari-nyumba letu, tukivuta gari dogo kwa chuma chako. Wendell alipunguza gia kama ulivyomfundisha. Kona ya tatu nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani nimesahau jiko. Wendell akasema, "Lorna, shikilia kitu. Breki zimekwisha." Kaka, miaka thelathini na minane ya ndoa, sauti ile sijawahi kuisikia.

Tukachepukia ile njia ya kokoto waliyoyawekea malori yaliyokatika breki. Gari-nyumba likazama, likasimama ghafla. Gari dogo halikusimama. Chuma chako kilikatika mkono mmoja, nalo likaja kutoboa ukuta wa chumba cha kulala. Boneti ilitua juu ya mto wangu! Niliitazama nikacheka, kisha nikalia mpaka askari wa barabarani akanipa maji.

Fundi wa hapa, mwanamama aitwaye Ramona Archuleta, alikikwangua chuma kwa kisu. Unajua mwenyewe unavyokipiga rangi nyeusi kila mwaka theluji ikiyeyuka. Chini ya rangi zote hizo kulikuwa na kibati kilichoandikwa: mwisho wa uzito, pauni elfu tatu. Gari letu dogo lina elfu nne na mia tano.

"Mama, nani kapiga rangi hii?" akaniuliza.

"Kaka yangu."

"Mlikosana?"

"Hapana, anatupenda sana."

"Mh! Basi ombeni asije akawachukia."

Kisha akauliza kifaa cha kulifungia breki gari dogo likivutwa kiko wapi. Nikamjibu kwa maneno yako, kwamba kubwa likisimama, dogo litasimama tu. "Nani kakudanganya, mama? Dogo lina uzito wake, na mteremkoni uzito wote huo unawasukuma nyinyi."

Sasa nimechagua upya, nawe chagua hivi. Pima uzito wa gari dogo likiwa limejaa mafuta na mizigo, ndipo ununue chuma kinachohimili zaidi ya uzito huo, na kikifungwa kilale sawa na ardhi. Upande wa breki, kile kisanduku cha kuweka mbele ya kanyagio la breki la gari dogo kila safari nimekikataa, maana Wendell hutafuta miwani aliyoivaa. Nimechukua zile zinazofungwa moja kwa moja garini. Sisi tukikanyaga, nalo linajikanyaga, na likichomoka kuna waya unaolifunga breki papo hapo.

Nimekukasirikia, kaka. Nimejikasirikia na mimi, maana sikuuliza. Wendell hamlaumu mtu. Kila asubuhi anakwenda karakana, anakaa kwenye usukani wa gari-nyumba lisilokwenda popote, anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena. Sijui nimwambie nini.

Nisalimie Nadine, shangazi Opal, na Curtis na mkewe. Mungu awafikishe mwendako, na awarudishe.

Kuhusu chuma chako, Ramona alisema ule mkono ukichomelewa kitaonekana kipya. Nami nakujua, ungekichomelea, ukakipiga rangi, ukaondoka nacho tarehe mosi. Kwa hiyo nimemwomba akikate vipande vinne, nikasimama pale mpaka akamaliza. Kasirika utakavyo, kaka, ila kasirika ukiwa hai.

Wako akupendaye bila kukuomba radhi,
mdogo wako Lorna